Maneno Ambayo Mama Lotika Hakuyasema

Kisangani, Jumamosi, baada ya adhuhuri

Mvua ilianza alfajiri, imekatika sasa hivi, na imetuachia lile joto la kunata ambalo nguo inakushika mgongoni hata ukiwa umekaa tu. Nimekaa. Nimefungua kompyuta mara tatu na kuifunga mara tatu. Nina hasira, na nimeona heri niiandike hapa kabla sijamwambia mtu wa nyumbani neno nitakalolijutia. Mama yangu amepita na chai mara mbili, na mara zote mbili nimemjibu kwa mkato. Mama hana kosa lolote.

Mwenye kosa anaitwa Dieumerci.

Yupo pia mwenye kosa wa pili, ambaye ni mimi, lakini huyo nitamfikia. Niacheni kwanza nimalizane na Dieumerci.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: kazi yangu ni kusikiliza. Watafiti na miradi huenda vijijini, hurekodi watu wakizungumza, kisha huniletea sauti hizo nizitafsiri neno kwa neno, niziweke kwa Kifaransa. Sina ofisi wala bosi. Nina meza, kompyuta, visikilizio vilivyofungwa kwa utepe wa gundi, na jina langu. Jina likichafuka, hata meza haina kazi.

Miezi miwili iliyopita, mradi mmoja wa kilimo upande wa Yangambi ulinipa rekodi za wakulima. Walitaka kujua nani analima wapi na nani ana haki na shamba lipi, kwa sababu wataleta miche mipya ya mihogo, na mwenye shamba ndiye atakayekabidhiwa. Rekodi nyingi zilikuwa kwa Kiswahili na Kilingala. Hizo ni zangu, nazila kama chakula cha nyumbani. Kumi na mbili zilikuwa kwa Kilokele, lugha ya watu wa mto, na mimi kwa Kilokele najua kusalimia na kuuliza bei ya samaki.

Msimamizi wa mradi aliponiuliza kama naweza lugha zote, nilimjibu kwamba timu yangu inaziweza.

Timu yangu ilikuwa Dieumerci.

Msinicheke. Kabla yake nilikuwa nimejaribu wengine, nao walinitoa jasho. Kuna dada mmoja aliyechukua rekodi sita akazima simu, nikaja kumwona sokoni wiki tatu baadaye akinunua kwanga, ule mkate wa muhogo, akaniambia alikuwa ananitafuta. Kuna kaka aliyefiwa na mjomba yuleyule mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Kuna aliyenirudishia kazi ambamo bibi mmoja wa miaka sabini, anayezungumza juu ya mihogo yake kuoza, alitafsiriwa akizungumza kama waziri anayefungua kongamano. Ukiwa unafanya kazi peke yako, ukapata kazi kubwa kuliko mikono yako, unajikuta unawabembeleza watu wazima kama watoto wanaokataa dawa.

Dieumerci hakuwa hivyo. Tulisoma pamoja chuoni. Amezaliwa ukingoni mwa mto, Kilokele ni lugha ya mama yake, na Kifaransa chake kimenyooka. Nilimpa rekodi kumi na mbili siku ya Jumatatu, akasema atazileta Ijumaa, na Ijumaa akazileta. Nilimsifu kwa kila mtu. Nilimwambia mama yangu kwamba hatimaye nimepata mtu.

Nilikuwa nadhani mtu asiyeaminika ni yule anayechelewa. Nimeshajifunza.

Sasa nieleze ilivyotokea. Mradi huu una desturi ninayoipenda sana. Kabla ya kuandika ripoti ya mwisho, wanarudi kijijini na kuwasomea watu yale waliyoyasema, mbele ya wote, ili mwenye neno alitoe. Wao wanaiita restitution. Kurudisha. Ni heshima kubwa, kwa sababu wengi huchukua maneno ya watu wakaondoka nayo moja kwa moja.

Basi Jumanne walikwenda, wakasoma Kifaransa, wakala wa mradi akieleza kwa Kilingala. Na katika waliosomewa alikuwamo mjane anayeitwa Mama Lotika.

Alhamisi asubuhi Mama Lotika alishuka kwenye toleka, baiskeli ya abiria, mbele ya mlango wetu. Nilimwona akimwambia mwenye baiskeli amsubiri kidogo, kisha akabadili mawazo akamruhusu aende. Mwanamke mfupi, wa umri wa mama yangu, kitenge kimefungwa vizuri, na mkononi ana mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nyingi. Siku iliyotangulia alikuwa amepanda baleinière, zile mashua kubwa za mbao zenye injini, akasafiri mchana kutwa kutoka kwao mpaka mjini, akalala kwa mpwa wake. Wakala wa mradi ndiye aliyemwelekeza kwangu. Jina langu limo chini ya karatasi.

Mama yangu alimkaribisha kiti, akampa maji. Alikunywa, akashukuru, akafungua mfuko, akatoa karatasi mbili, akaniwekea mapajani.

"Zaina ni weye?" aliniuliza. Nikasema ni mimi. "Bon. Soma."

Nikasoma Kifaransa, nikamweleza kwa Kiswahili. Karatasi ilisema kwamba baada ya mume wake kufariki, shamba lilirudi kwa ukoo wa mume kama desturi inavyotaka, kwamba sasa linalimwa na shemeji yake, na kwamba yeye Mama Lotika hana pingamizi. Sentensi safi kabisa. Ningekuwa mwalimu ningezitia alama nzuri.

"Miye sikusemaka hii," akasema.

Hakupandisha sauti. Ningefurahi kama angenifokea, maana mtu akikufokea unapata pa kushikia, unajitetea. Alikaa tu akiniangalia, mikono juu ya magoti, akisubiri nimwambie maneno hayo yalitoka wapi.

Rekodi yake ilikuwa bado kwenye kompyuta. Niliitafuta, nikaifungua kwa spika, tukasikiliza. Mimi sikuelewa kitu. Nilichokisikia ni sauti yake, jogoo, mtoto akilia kwa mbali, kisha mvua ikianza kupiga bati. Yeye alisikiliza kichwa kimeinama. Baada ya kila sentensi mbili tatu alinyanyua mkono, nikasimamisha, akaniambia kwa Kilingala na Kiswahili chetu cha hapa alichokuwa amekisema, nikaandika. Rekodi ya dakika arobaini na moja ilituchukua muda wa saa sita. Mama yangu aliandaa wali na pondu, kisamvu chetu, Mama Lotika akala, akanawa, akasema tuendelee.

Alichokisema kwenye rekodi ni hiki. Kwamba pori lile alilifyeka yeye pamoja na mume wake, wawili tu, mwaka waliooana. Kwamba kila alipozaa walipanda mchikichi mmoja mpakani, na michikichi ipo mitatu, kila mtu kijijini anaijua kwa majina ya watoto. Kwamba mume alipofariki, shemeji aliomba kulima msimu mmoja tu, akampa kwa sababu ni mtu wa msiba kama yeye. Kwamba msimu umepita, na wa pili umepita, na shemeji hajatoka. Na kwamba anaomba mradi umwandike yeye, kwa sababu akipewa miche kwa jina lake, kijiji kizima kitakuwa kimeona shamba ni la nani.

Hilo la mwisho alilisema wakati mvua imepamba moto. Unamsikia anapaza sauti ili mashine impate. Alihakikisha.

Dieumerci hakufika huko. Dakika za mvua hakuzigusa.

Na kule kijijini, Jumanne, maneno ya Dieumerci yaliposomwa, Mama Lotika alisimama akasema si yake. Shemeji yake alicheka. Mama Lotika alinisimulia bila kubadilisha sauti: shemeji aliwaambia watu kwamba mjane anaweza kusahau, jirani anaweza kupendelea, lakini hii imechukuliwa na mashine, na mashine haina undugu na mtu. Watu wakaitikia kwa vichwa. Walimwamini yeye, au tuseme waliniamini mimi, kwa sababu mashine ilikuwa na jina, na jina lilikuwa langu.

Niliposikia hivyo nilitaka ardhi ipasuke.

Jana nilikwenda kwa Dieumerci. Ana chumba cha kutoa fotokopi kule Mangobo, mlango wa bluu. Njia nzima juu ya pikipiki nilikuwa napanga matusi, na ninayo mengi, ya lugha tatu. Nilimkuta amekaa anakula mikate, ananiambia karibu, ananivutia kiti. Nilimwekea tafsiri mbili mbele yake, ya kwake na ile tuliyoiandika na Mama Lotika. Alisoma zote mbili. Alisoma polepole, namtambua, hana haraka anaposoma. Kisha akaniambia ukweli kwa urahisi ulioniudhi kuliko uongo. Wiki ile alikuwa na kazi ya mtu mwingine. Kila rekodi alisikiliza dakika chache za mwanzo, akapitia za mwisho kama hazina kelele, na katikati akajaza.

Nikamuuliza alijaza kwa nini, kwa maneno ya nani.

"Yaya Zaina, franchement, ba mama ya mashamba bote banasemaka kitu moja," akasema, akiniita dada mkubwa kama kawaida yake. "Bwana akikufa, shamba inarudi kwa famille. Ni coutume, ni desturi. Donc niliandika vile."

Tulia, nikajiambia. Sikutulia. Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika hapa kwa sababu mama yangu husoma blogu hii. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri fotokopi walitoka nje. Nilimwambia kazi yake ni ya kulipua, kwamba amemnyang'anya mjane shamba akiwa amekaa kwenye kiti, na kwamba afadhali angezima simu akapotea kama wale wengine, kwa kuwa aliyepotea na rekodi hajaandika uongo. Aliacha nimalize. Hata uso haukumbadilika sana, isipokuwa mkate aliurudisha kwenye sahani.

Halafu akanijibu kwa swali. "Na weye? Ulizisoma, ukatia jina. Haukuona?"

Niliona.

Haya, sasa tumefika kwangu. Niliona kwamba rekodi ya dakika arobaini na moja imerudi na kurasa mbili, wakati zangu za urefu huo hufika kumi na kitu. Niliona kwamba wakulima wote kumi na wawili wanamaliza sentensi zao, hakuna anayekohoa, hakuna anayejirekebisha, hakuna anayeingiliwa na mtoto. Watu hawazungumzi hivyo. Kazi yangu ni kusikiliza, nimefanya miaka mingi, najua. Nilijiambia labda Kilokele ni lugha ya watu wa maneno machache. Nilijidanganya kwa makusudi kabisa, kwa sababu Ijumaa ilikuwa imefika na nilitaka msimamizi aone timu yangu ilivyo hodari.

Marehemu papa, baba yangu, alikuwa fundi wa kanzu, kama baba yake na babu yake. Kazi zikimzidi aliwagawia mafundi wenzake wa mtaani, na zikirudi alizigeuza zote ndani nje, moja moja, akapitisha kidole kwenye kila mshono kabla mteja hajaziona. Mafundi walinuna, yeye hakujali. Mimi niligawa kazi ambayo sikuwa na uwezo wa kuigeuza. Nilipaswa kumtafuta Mlokele mwingine asikilize hata rekodi mbili tu kwa kubahatisha. Mji huu umejaa Walokele. Dirishani kwangu wanapita kila asubuhi na mabeseni ya samaki.

Na lipo jingine, na hili ndilo linalonifanya nishindwe kumchukia Dieumerci vizuri kama ninavyotaka.

Miongoni mwa rekodi zangu za Kiswahili alikuwamo mzee mmoja wa maneno mengi. Kwenye dakika ya ishirini na kitu nilichoka naye, nikaruka dakika saba, nikaandika kwenye mabano kwamba anarudia. Leo asubuhi, mvua ikinyesha, nilirudi kuzisikiliza dakika zile saba. Mzee hakuwa anarudia. Alikuwa anawataja kwa majina, mmoja baada ya mwingine, watu waliofyeka naye shamba lake la kwanza, na karibu wote wamekwisha kufa. Aliomba waandikwe.

Nimewaandika sasa. Lakini Jumanne hawakusomwa.

Jana alasiri nilimpigia msimamizi. Nilimwambia yote, pamoja na kwamba timu yangu ilikuwa mtu mmoja na kwamba Kilokele sikijui.  Alinijibu kwa upole, na upole wake uliniumiza, kwamba nitume toleo lililosahihishwa, wataliweka kwenye jalada, na miche haitagawiwa kabla ya hapo. Nilimshukuru. Nilipokata simu nilihisi mzigo umepungua, hata nikadhani mambo yamekwisha.

Mama Lotika alikuwa bado yuko mjini, alikuja kuaga. Nilimweleza habari njema: karatasi itasahihishwa, itawekwa ofisini. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza ofisi iko wapi. Nikamwambia. Akauliza kama shemeji yake huwa anaingia kwenye ofisi hiyo. Nikasema hapana.

"Ile karatasi balisoma mbele ya batu," akasema. "Na weye ukuye, useme mbele ya batu."

 Niliangalia chini kama mwanafunzi. Nilijua ana haki, na nilijua pia jinsi nisivyotaka kwenda. Ni rahisi sana kuomba radhi kwa barua pepe. Hakuna anayekuona uso, na mtu unayemwomba hata barua pepe hana.

Nimekubali. Jumatatu asubuhi tunapanda baleinière pamoja. Nilimtumia Dieumerci ujumbe kwamba na yeye aje, kwa sababu yeye ndiye atakayeelewa watakachosema. Amejibu kwamba wiki ijayo ana kazi nyingi. Kazi nyingi! Nimeusoma ujumbe huo mara nne, kila mara nikitafuta aibu ndani yake, sijaiona. Simpi tena hata bahasha ya kupeleka posta. Nikishuka Yangambi nitamwomba Mama Lotika anionyeshe mwalimu au katekista, mtu anayejua Kilokele na Kilingala sawasawa na asiye ndugu wa shemeji wala wa mjane, akae katikati yetu.

Karatasi mpya iko tayari. Ina kurasa kumi na tatu, jogoo yumo, mvua imo, michikichi mitatu imo kwa majina yake. Mahali pa jina, chini kabisa, nilianza na langu peke yake, nikalifuta. Mwishowe nimeweka: maneno ni ya Mama Lotika, na tafsiri ni yake mwenyewe. Ameandika Zaina, aliyekosea mara ya kwanza.

Nilidhani nikifika hapa hasira itakuwa imepoa. Haijapoa, imehama tu. Kwa sababu kila nikifunga macho naona rekodi nyingine kumi na moja. Mama Lotika alikuja na mfuko wake wa nailoni. Wale kumi na mmoja hawajaja. Labda hawana nauli. Labda wamekwisha kunyang'anywa na hawana pa kwenda kuuliza. Labda walikaa pale Jumanne wakasomewa maneno yasiyo yao, wakadhani ndivyo Kifaransa kinavyowafanyia watu.

Nitakwenda na kompyuta na betri mbili. Nitakaa na kila mmoja wao, nimfungulie sauti yake, anyanyue mkono, nisimamishe, niandike, hata ikichukua wiki mbili na wateja wengine wakanikimbia.

Lakini kwanza nitasimama pale waliposimama Jumanne, shemeji akiwepo. Nimekuwa nafanya mazoezi ya kusema tangu asubuhi, mama yangu anadhani naongea na simu. Nilikuwa naanza kwa kujitambulisha. Sasa nimebadilisha. Nitaanza kwa kusema kwamba sijui Kilokele, kisha ndipo nitaje jina langu.